Misimu miwili na kishushio: vifaa vya kumrudisha baharini samaki usiyemkusudia

Nianze na chewa aliyenifanya ninunue kifaa hiki. Tulikuwa tumetia nanga juu ya mwamba, kina kama mita 40, tunatafuta changu wakubwa. Chambo kikashikwa na chewa mdogo ambaye hata bila kumpima ulijua hajafikia urefu wa kuchukuliwa. Nikampandisha mbio, nikiamini kwamba nikiwahi kumtoa ndoana ataondoka mzima. Alipofika juu macho yalikuwa yamemtoka, tumbo limejaa na kukaza, na mdomoni kimetokeza kitu cha rangi ya waridi, laini, kinang'aa kama puto lililolowa.

Kaka ninayevua naye, ambaye ameijua bahari kabla yangu, akasema, "Toboa hicho kibofu, mdogo wangu, hewa itoke." Nikatoboa kwa ncha ya kisu. Nikamrudisha majini. Akalala ubavu, akapiga mkia mara mbili tatu, akatulia. Tulimtazama akichukuliwa na maji mpaka ndege wakamshukia.

Kile hakikuwa kibofu. Lilikuwa tumbo lake la chakula, limesukumwa nje ya mdomo na kibofu cha hewa, ule mfuko wa ndani unaomsaidia samaki kuelea, kilichovimba nyuma yake. Nilimtoboa samaki tumbo nikidhani namwokoa, na kosa hilo nimeona likifanywa katika vyombo vingi kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana naandika kwa urefu juu ya vifaa ambavyo havimletei mtu samaki hata mmoja wa kupika.

Kinachotokea ni hesabu nyepesi. Juu ya maji samaki anabeba kanieneo, yaani nguvu ya kumbana, ya hewa peke yake. Kila mita 10 anazoshuka zinaongeza kanieneo nyingine kama hiyo, kwa hiyo kwenye mita 30 anabanwa mara nne ya juu. Hewa iliyokaa vizuri ndani ya kibofu chake kule chini, ukimvuta mpaka juu, inataka nafasi mara nne. Robert Boyle alichapisha kanuni hiyo mwaka 1662, na chewa wa mwambani anaisikia mwilini kila anapovutwa. Samaki wengi wa mwamba hawana njia ya kuitoa hewa hiyo upesi. Hata kama hana jeraha lolote la ndoana, hawezi kuzama. Anabaki juu kwenye jua, na kila mwenye mdomo anamwona.

Dawa yake ni kumrudisha chini, kule kanieneo itakakoibana ile hewa tena. Hiyo ndiyo kazi ya kishushio. Nimekitumia misimu miwili sasa, kwenye chombo kidogo cha watu watatu, na nina ya kukisifu na ya kukilaumu.

Kinatosha kiganjani. Kina taya mbili za kumbana samaki mdomo wa chini, na kiwiliwili ambacho ndani yake kumefungiwa hewa. Ukikishusha, maji yanaibana ile hewa, na kikifika kina ulichochagua taya zinafunguka zenyewe. Kishushio changu kina vituo vitatu, mita 15, 30 na 45, unachagua kwa kuzungusha kitufe. Juu kuna pete ya kufungia mshipi, chini pete ya kuning'iniza uzito. Hakuna betri wala kitu cha kuchaji.

Wa kwanza kumshusha alikuwa changu mdogo kutoka mita 35. Macho yameanza kumtoka, amelegea mkononi kama kitambaa. Nikambana mdomo, nikaweka kituo cha mita 30, nikafungua rili. Akatangulia kichwa, tumbo lake jeupe likawa linapungua kwenye maji ya buluu mpaka likapotea. Mshipi wangu una alama ya rangi kila mita 10. Alama ya kwanza ikapita, ncha ya ufito imetulia. Karibu na alama ya pili ncha ikatikisika kidogo sana. Ikatulia. Ikatikisika tena, sasa mara mbili mfululizo. Samaki aliyekuwa amelala kama gogo alikuwa anapiga mkia. Mtikisiko ukaongezeka mpaka alama ya tatu ilipogusa maji, kisha ncha ikanyanyuka na mshipi ukawa mwepesi.

"Ameenda?" kaka akauliza.

"Ameenda, kaka."

Nikakipandisha. Taya ziko wazi, na kwenye meno yake limebaki gamba moja dogo, jembamba, linapitisha mwanga. Tangu siku hiyo kaka hajazungumzia tena kutoboa.

Sasa lawama. Ya kwanza ni uzito. Uzito unaotajwa kwenye karatasi ya maelezo ni mdogo mno. Nilijaribu nusu kilo kwa chewa wa kilo mbili hivi, akabaki anaelea na kishushio kinaning'inia chini yake kama hereni. Samaki aliyevimba ni boya, na boya halizamishwi na chubwi ya mfukoni. Mimi sasa natumia kilo 1.5, na wakija wakubwa naongeza hadi kilo 2.5. Uwe na uzito wa kutosha kabla hujatoka, maana ukianza kuutafuta huku samaki yuko sakafuni, yeye ndiye anayelipa.

Ya pili ilinifedhehesha. Safari ya sita taya ziligoma. Nikamshusha samaki mpaka mita 30, nikasubiri, nikavuta, akaja naye. Nikamshusha tena, akaja tena. Mara ya tatu nikamtoa kwa mkono, na aliyeondoka hakuwa yule aliyefika. Chumvi ilikuwa imeganda ndani ya ile sehemu inayosogea, kwa sababu nilikuwa nimekitupa sandukuni kikiwa kimelowa baada ya safari iliyotangulia. Kosa langu, ingawa mtengenezaji angeweza kufanya sehemu ile ifunguke kwa urahisi ili isafishwe. Siku hizi kikirudi kinakaa ndani ya ndoo ya maji yasiyo na chumvi, nazungusha kitufe vituo vyote vitatu, nakikausha, natia tone la mafuta ya silikoni. Kabla ya samaki wa kwanza wa siku nakishusha kitupu na uzito wake, taya zimefungwa, nione kama zitaachia. Hakijagoma tena.

Ya tatu si kosa la kifaa. Mara mbili papa amemchukua samaki akiwa njiani kushuka. Unasikia pigo moja zito, kisha unapandisha kichwa au hupandishi kitu. Papa wakishakusanyika chini ya chombo hakuna kishushio kitakachokusaidia, na kuendelea kuvua pale ni kuwalisha kwa samaki ambao umejidanganya kwamba unawaachia. Tuling'oa nanga.

Halafu lipo jambo la muda. Kumbana, kushusha, kusubiri na kupandisha kunakula dakika mbili au tatu, na samaki wakiwa wanakula vizuri vishawishi vinakuwa vikubwa: unataka urudishe chambo chini, yule mdogo unamtupa tu. Nimegundua dawa moja tu, nayo ni kukipa kishushio ufito wake. Mfupi, mgumu, rili yenye mshipi mnene, uzito umeshafungwa, umesimama kwenye kishikio chake tangu tunapotia nanga. Kilipokuwa sandukuni nilikitumia kwa samaki mmoja katika watatu. Kiliposimama wima mbele ya macho yangu, nakitumia kwa kila anayekihitaji. Marekani waliliona hili pia: sheria iliyoanza kutumika Januari 2022 kwa wanaovua samaki wa mwamba kwenye Ghuba ya Meksiko ilidai kishushio au sindano ya kutolea hewa kiwe chomboni, na si kuwemo tu, kiwe kimeandaliwa tayari kwa kazi.

Sindano siitumii. Ni mrija wenye ncha kali, unaingizwa ubavuni nyuma ya pezi la kifuani ili kupunguza hewa kwenye kibofu. Anayejua kibofu kilipo anaweza kufanya nao kazi nzuri. Asiyejua anatoboa ini, moyo au utumbo. Baada ya yule chewa sina hamu ya kutoboa chochote.

Kama huna kishushio cha kununua, usikate tamaa. Chukua ndoana kubwa, libane lile jino lake la nyuma, linaloizuia isichomoke, kwa koleo mpaka lilale, kisha uipindue: mshipi ufunge kwenye kipindo chake, uzito uning'inie kwenye tundu lililo mwisho wa shina lake. Mchomeke samaki kwenye mdomo wa chini, ikiwezekana katika tundu lile lile alilokwisha kulipata, mshushe, kisha vuta mshipi kwa nguvu mara moja. Ndoana inatoka. Niliitumia mwezi mzima kishushio kilipokuwa kimegoma na nikaipenda. Tatizo ni kwamba anayechangamka mapema huweza kujichomoa kabla hajafika. Kreti ya plastiki iliyopinduliwa, ikafungwa kamba juu na uzito pembeni, nayo inafaa unapokuwa na wadogo watatu wanne kwa mpigo. Unawafunika nayo majini unawashusha, na wakipata nguvu wanatokea chini.

Papa na taa hawana kibofu cha hewa, kwa hiyo kwao kishushio hakina kazi. Kwao kazi ni ya kichomoleo.

Hiki ni chuma cha pua chenye mpini, ncha yake imezungushwa mzunguko mmoja na nusu. Unauingiza mshipi kwenye mzunguko, unateremka nao mpaka kwenye kipindo cha ndoana, unakaza mshipi kwa mkono mwingine, kisha unausukuma mpini kwenda chini kwa ghafla. Ndoana inageuka na samaki anaanguka majini bila wewe kumgusa. Ninavyo viwili, cha sentimita 30 na kingine kirefu karibu maradufu. Ukinunua kimoja tu, nunua kirefu. Kile kifupi kinakualika usogeze mkono mahali ambapo mkono haupaswi kuwa.

Taa ndiye aliyenifundisha hilo. Alikuwa na upana wa meza ndogo, alipanda taratibu kama tumenasa turubai, na alipofika ubavuni mwa chombo akaanza kupiga mkia. Mwiba wa taa hauko kwenye ncha ya mkia kama watu wengi wanavyodhani, uko huku nyuma, karibu na shina, na anaurusha juu na pembeni. Nilikuwa na kifupi. Nilipoinama nikaona ule mwiba umepita usawa wa kifundo cha mkono wangu, wa kijivu, una meno madogo pande zote mbili, na utelezi unaning'inia juu yake. Nikarudi nyuma. Kaka akashika mshipi, mimi nikachukua kirefu, na taa hakutolewa majini hata kidogo. Ndoana ikatoka kwa jaribio la pili, akapinda mabawa akaondoka.

Tangu hapo sipandishi taa chomboni. Ikitokea mtu amechomwa, maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia bila kuungua, karibu nyuzi 45, yanatuliza maumivu sana, kwa sababu sumu ya mwiba huo huharibiwa na joto. Loweka kiungo dakika 30 hadi 90, na mtu wa pili ayapime maji kwanza kwa mkono wake, kwani aliyechomwa hawezi kuhukumu joto. Kisha hospitali, maana vipande vya mwiba hubaki ndani, na jeraha la kifua au tumbo ni la kukimbizwa mara moja, bila kung'oa mwiba. Chupa ya maji ya moto imeingia kwenye orodha yetu ya safari. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, naye ni wa kichomoleo kirefu au wa kukatiwa mshipi. Usishindane naye kuhusu ndoana. Na bunju mwachie upesi, uvitazame vidole vyako kwenye yale meno. Sumu yake haiondolewi kwa kupika, kwa hiyo asiingie ndooni kwa bahati mbaya.

Udhaifu wa kichomoleo ni ndoana iliyomezwa. Ikiwa imeshika mdomoni, hakuna kifaa bora. Ikiwa imeshuka kooni, kichomoleo kitaichana njia yote na damu itatoka kwenye matamvua, na samaki anayetoka damu matamvuani umeshampoteza. Nilikaa miaka mingi nikivuta, nikiona aibu kumwacha samaki aondoke na chuma changu. Sasa nakata mshipi karibu kabisa na mdomo wake na namwachia. Nafasi ya kuishi ya samaki aliyekatiwa ni kubwa kuliko ya yule aliyechanwa, na ndoana za chuma cha kawaida huoza au hutemwa kwa wakati wake. Kwa hiyo nimeacha kununua ndoana zisizoshika kutu. Mkasi mdogo ninaoukatia umefungwa kwa kamba kwenye mkanda wangu.

Lakini kuliko mkasi, nasifu ndoana za duara. Ncha yake imegeuzwa ndani kuelekea kwenye shina, hivyo samaki akimeza chambo na kugeuka kuondoka, ndoana inateleza kutoka kooni na kushika pembe ya mdomo. Sharti ni moja na ni gumu kwa mkono uliozoea: usishtue. Ukisikia samaki, anza tu kukunja rili kwa mwendo ule ule. Kaka alipoteza samaki wengi mwezi wa kwanza kwa sababu mkono wake ulishtua kabla akili haijamkataza. Sasa katika kumi tunaowapata, mmoja ndiye labda nitamkuta amemeza, na kichomoleo kinawamaliza tisa. Nimebana pia lile jino la nyuma kwa koleo. Sijaona kama nakosa samaki wengi zaidi kwa hilo, mradi mshipi haulegei.

Wavu wa mpini nilionao una nyuzi za mpira, hauna mafundo. Ule wa zamani wa nailoni ulikuwa unamkwangua samaki utelezi wake, na utelezi ndio ngozi yake ya kinga. Kwa sababu hiyo hiyo mikono nailowesha kwanza na glavu za kitambaa nimeziacha nyumbani. Wavu huu hauna ninalolilaumu isipokuwa kwamba ni mzito kwenye mkondo.

Ndege nao hudaka chambo kikiwa juu. Usikate mshipi akaruka nao, utamnasa mahali afie huko. Mvute taratibu, mfunike kichwa kwa taulo atatulia, mtu mmoja ashike mabawa, mwingine aisukume ndoana mpaka jino lake litokeze, alikate kwa koleo, kisha airudishe nyuma. Tulifanya hivyo mara moja. Yule ndege alikaa ukingoni mwa chombo kama dakika tano akijipanga manyoya, ndipo akaruka.

Nikipima vyote, ndoana za duara na kichomoleo kirefu ningempa kila anayevua baharini, awe ufukweni au chomboni, hata anayevua mara mbili kwa mwaka. Kishushio ni cha anayevua kina cha mita 15 au zaidi juu ya mwamba. Wa ufukweni hakihitaji. Na hata kwa mwenye kishushio, wadogo watatu wakifuatana mahali pamoja, sisi tunahama au tunaweka chambo kikubwa zaidi. Samaki ambaye hukumpandisha kabisa hahitaji kifaa.

Kishushio changu kimeanza kulegea kwenye taya ya kushoto, meno yake ya plastiki yamesagika, na mwenye mdomo mlaini anateleza akiwa hajafika mita 15. Nimeagiza taya za akiba, pamoja na kishushio cha pili. Hicho cha pili ni cha ufito wa kaka, ameniomba mwenyewe.